Kukaza konea kwa wenye keratokonasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza na Kanda ya Ziwa

Ukurasa huu ni kwa mgonjwa aliyeambiwa ana keratokonasi, mzazi wake, na mhudumu wa afya anayempa rufaa. Majibu ni ya jumla. Vipimo vya jicho lako mwenyewe ndivyo vitakavyoamua.

## Ugonjwa wenyewe

Keratokonasi ni nini?

Konea ni utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho. Mwanga hupita hapo kwanza kabla ya kufika popote. Kwa kawaida umepinda vizuri pande zote, na katikati una unene wa karibu maikromita 540, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Kwa mwenye keratokonasi utando huo hulegea, hukonda na kuchomoza mbele kama ncha ya yai. Herufi huanza kuwa na vivuli, na usiku taa moja huonekana kama taa tatu zenye mikia. Wavuvi wa dagaa na madereva wa bodaboda huwa wa kwanza kulalamikia hilo, kwa kuwa kazi yao ni ya giza na taa.

Ugonjwa huanza ujanani, hushika macho yote mawili ingawa moja hutangulia, na hupunguza kasi kuelekea umri wa miaka 40 kwa sababu konea hukakamaa yenyewe kadiri mtu anavyokua. Si mtoto wa jicho, si presha ya macho, na hauambukizi.

Mbona nabadilisha miwani kila baada ya miezi michache na bado sioni sawasawa?

Hiyo ndiyo dalili inayopaswa kumshtua mpimaji. Ukiona namba ya astigmatizimu, yaani mpindo usio sawa pande zote, inapanda kila unapopimwa, mhimili wake unahama, na hata ukiwa na miwani mpya hufikii mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida kwenye chati, omba uchunguzwe konea. Kituo kisicho na mashine kubwa bado kinaweza kushuku: mpimaji akimulika mboni kwa retinoskopu huona mwanga ukifunguka na kufunga kama mkasi. Ugonjwa ukishakuwa mkubwa, ukitazama chini kope ya chini husukumwa na kuwa na umbo la V. Uthibitisho hutoka kwenye topografia, yaani ramani ya mpindo na unene wa konea.

Kufikicha macho kunahusika kweli?

Kunahusika, na tungependa kila mzazi alijue hili. Msuguano wa vidole unachosha nyuzi za konea ambazo tayari ni dhaifu. Wengi wanaofikicha wana mzio wa macho: kuwashwa, uzi mweupe unaonata, wekundu unaozidi msimu wa kiangazi vumbi linapotimka au karibu na moshi wa kukaushia samaki. Tibu mzio huo. Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa hupunguza muwasho kwa dakika chache, na matone ya mzio kama olopatadini hufanya kazi ya muda mrefu.

Jihadhari na matone ya steroidi yanayonunuliwa dukani bila cheti, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na antibayotiki. Muwasho hukoma siku hiyohiyo, ndiyo maana watu huyapenda. Yakitumika miezi mfululizo bila kupimwa huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, hata kwa mtoto wa shule.

## Matibabu na nani anayafaa

Kukaza konea ni nini?

Hospitalini utasikia yakiitwa kroslinkingi, au CXL. Konea imejengwa kwa nyuzi za kolajeni. Hulowanishwa kwa matone ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, kisha humulikwa mionzi ya UV-A yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 365 hadi 370. Riboflavini, mwanga na oksijeni vikikutana, viungo vipya vya kikemikali hujengeka kati ya nyuzi na konea hukakamaa, hasa katika maikromita 300 za juu. Njia hii ilibuniwa Dresden, Ujerumani, na matokeo ya wagonjwa wa kwanza yalichapishwa 2003. Marekani iliidhinisha 2016.

Riboflavini ina kazi ya pili: inafyonza mionzi ili isifike kwenye seli za ndani ya konea, lenzi na retina.

Itanirudishia uoni uliopotea?

Kazi yake ni kusimamisha ugonjwa pale ulipofika. Wengine huona nafuu ya mstari mmoja au zaidi kwenye chati, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini asiahidiwe mtu. Aliyeingia akiwa na 6/12 kwa miwani na akabaki na 6/12 miaka kadhaa baadaye amefanikiwa. Wagonjwa wanaoumia moyo baadaye karibu wote ni wale ambao hawakuelezwa hivi mapema. Na kwa sababu hiyohiyo wakati ni mali: kinachookolewa ni kile kilichobaki siku ya matibabu.

Daktari anasema tusubiri tuone kama ugonjwa unaendelea. Tusubiri nini?

Kwa mtu mzima, kipimo kinachotumika sana ni Kmax, yaani mpindo mkali kuliko wote kwenye ramani. Ikipanda daiopta 1 (kizio cha ukali wa mpindo) au zaidi ndani ya miezi 12, ugonjwa unaendelea. Huangaliwa pia kukonda kwa sehemu nyembamba zaidi na kubadilika kwa namba ya miwani.

Chukua karatasi ya topografia uisome pamoja na daktari. Tafuta mambo manne: tarehe, K1 na K2 (mpindo mdogo na mkubwa wa katikati ya konea), Kmax, na unene wa sehemu nyembamba zaidi katika maikromita. Konea ya kawaida huwa na mpindo wa karibu daiopta 43 au 44. Piga picha karatasi hiyo kwa simu na utunze nakala, maana mafaili hupotea.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza, konea iliyochomoza sana hutoa namba tofauti hata ikipimwa mara mbili kwa saa moja, kwa hiyo kipimo kirudiwe mara mbili au tatu siku hiyo na kwenye mashine ileile. Wa pili, lenzi ngumu za kuvaa jichoni hubadilisha umbo la konea. Zivue wiki 2 au zaidi kabla ya kupimwa, la sivyo namba zitadanganya.

Mwanangu ana miaka 13. Naye asubiri?

Kwa watoto na vijana madaktari wengi hawasubiri, kwa sababu umri huo ugonjwa hukimbia. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2021 ulifuatilia vijana 60 wa miaka 10 hadi 16. Baada ya miezi 18 ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 7 ya waliotibiwa, dhidi ya asilimia 43 ya waliopewa miwani na lenzi tu. Mtoto asiyeweza kulala kimya muda wote hufanyiwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa hiyo uliza kama hospitali ina daktari wa usingizi wa watoto.

Nimeambiwa konea yangu ni nyembamba mno.

Mpango wa kawaida unahitaji angalau maikromita 400 baada ya ngozi ya juu ya konea kukwanguliwa siku ya matibabu. Ngozi hiyo yenyewe ina karibu maikromita 50, kwa hiyo aliyesoma 430 kwenye karatasi anaweza kujikuta na 380 mezani. Chini ya hapo mionzi inaweza kuua seli za ndani zinazoizuia konea isijae maji, na seli hizo hazizaliwi upya. Baadhi ya vituo hutumia riboflavini nyepesi inayovimbisha konea kwa muda hadi ivuke 400, au hupunguza kipimo cha mwanga. Uliza kama daktari wako amezoea njia hizo. Hapa si mahali pa kujaribia.

Nani asifanyiwe kwa sasa?

Mjamzito na anayenyonyesha husubiri. Aliyewahi kuugua herpesi ya jicho aseme mapema, kwa kuwa mionzi inaweza kuiamsha. Mwenye kovu kubwa katikati ya konea hatapata faida. Mzio mkali uliochachamaa utulizwe kwanza, la sivyo kidonda kitachelewa kufunga na mgonjwa atarudi kufikicha.

## Siku ya matibabu

Hufanyika vipi, hatua kwa hatua?

Hakuna kisu wala mshono. Unalala chali, jicho linatiwa matone ya ganzi, na kifaa kidogo kinashikilia kope zisifumbe. Daktari anakwangua ngozi ya juu ya konea kwa duara la karibu milimita 8 au 9. Kisha matone ya riboflavini kila dakika 2 hadi 5 kwa dakika 30. Hapo unene unapimwa tena, na hatua hii isirukwe, kwa sababu baadhi ya riboflavini zenye dekstrani hukausha konea na kuipunguza. Mionzi huwashwa dakika 30 kwa nguvu ya miliwati 3 kwa sentimita ya mraba, matone yakiendelea. Jumla ya nishati ni joule 5.4 kwa sentimita ya mraba. Mwisho huwekwa lenzi laini ya kufunika kidonda, na unarudi ulikofikia siku hiyohiyo ukiwa na mtu wa kukushika mkono.

Nimesikia kuna ya dakika 10, na nyingine isiyokwangua ngozi.

Ya haraka hutumia miliwati 9 kwa dakika 10. Nishati ni ileile, na vituo vingi huitumia kwa matokeo mazuri. Zipo za haraka zaidi, lakini oksijeni ndani ya konea huisha upesi mwanga ukiwa mkali, na athari yake hupungua. Isiyokwangua ngozi ina maumivu kidogo na hatari ndogo ya maambukizi, ila kwa kawaida hukaza kwa kiasi kidogo kuliko ya kukwangua, kwa sababu riboflavini na oksijeni hupenya kwa shida. Kwa kijana ambaye ugonjwa wake unakwenda mbio, tunaona ile ya kukwangua ndiyo ya kutegemea.

## Wiki za kwanza

Inauma?

Mezani hapana. Ganzi ikiisha, ndiyo, na siku 2 au 3 za mwanzo ni ngumu: machozi, mwanga unachoma, jicho kama lina mchanga. Panga chumba chenye pazia nene, miwani ya jua, na vidonge vya maumivu ulivyoandikiwa. Usiombe kupewa chupa ya ganzi uende nayo nyumbani. Inatuliza kwa dakika chache kisha inazuia kidonda kufunga, na ikiendelea inaweza kutoboa konea.

Lenzi ya kidonda inatolewa lini, na ikidondoka je?

Hutolewa na daktari ngozi ikishafunga, kwa kawaida siku ya 4 hadi ya 7. Usiitoe mwenyewe, kwa kuwa ngozi changa inaweza kung'oka nayo. Ikidondoka, usiirudishe hata kama imeanguka kwenye mto safi. Endelea na matone na urudi hospitali siku hiyo au kesho yake asubuhi.

Matone ni yapi na yatumike vipi?

Kwa kawaida antibayotiki hadi ngozi ifunge na lenzi itoke, steroidi kwa wiki kadhaa ikipunguzwa pole pole, na machozi bandia. Nawa mikono kwa sabuni, vuta kope ya chini, tone moja tu, fumba macho dakika 2, na subiri dakika 5 kabla ya dawa ya pili. Ncha ya chupa isiguse kope. Ukitumia steroidi zaidi ya wiki chache, presha ya jicho ipimwe, na mpimaji ajue una keratokonasi, kwa kuwa konea nyembamba husomeka chini ya presha halisi.

Matone mengine, kama kloramfenikoli, hutunzwa kwenye jokofu. Anayerudi Ukara au Kome kusiko na jokofu aliseme hilo dukani kabla ya kulipa, ili apewe dawa inayovumilia joto la kawaida.

Naweza kuoga ziwani? Kurudi kuvua lini?

Wiki ya kwanza maji ya aina yoyote yasiingie jichoni. Oga kuanzia shingoni na uso ufute kwa kitambaa chenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Ziwani kaa mbali kwa wiki 4. Maji ya ziwa yana bakteria na vijidudu aina ya akanthamiba, na konea isiyo na ngozi ni mlango uliofunguliwa. Kazi ya ofisini huweza kuanza baada ya wiki moja au mbili. Anayevua, anayebanika samaki au anayeendesha bodaboda ajipe wiki 3 hadi 4, na akirudi avae miwani ya kuziba pembeni. Kuendesha chombo kunategemea uoni wako siku hiyo, hata kama wiki zimeshapita.

Dalili gani zinanirudisha hospitali usiku huohuo?

Maumivu yaliyokuwa yanapungua yakaanza kupanda tena, usaha, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au uoni unaoporomoka ghafla. Hayo ni maambukizi hadi ithibitishwe vingine. Ni nadra, lakini ndiyo njia kubwa ya mtu kupoteza jicho baada ya matibabu haya. Usisubiri meli ya kesho kutwa.

Mwezi umepita na naona vibaya kuliko nilivyokuwa. Imeharibika?

Karibu kila mara, hapana. Konea huwa na ukungu unaofikia kilele kati ya mwezi wa 1 na wa 3, na Kmax yenyewe huweza kupanda kidogo kipindi hicho. Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 mambo hurudi yalipokuwa, kisha yanaanza kunyooka hadi mwezi wa 12. Anayepima mwezi wa pili na kutangaza kuwa tiba imeshindwa anasoma mapema mno. Kwa sababu hiyo hiyo usitengeneze miwani mpya kabla ya mwezi wa 3.

## Matokeo ya muda mrefu

Inafanya kazi kwa wangapi?

Kwa zaidi ya 9 kati ya 10 ugonjwa husimama. Jaribio la Australia lililochapishwa 2014 lilifuatilia macho kwa miaka 3: yaliyotibiwa Kmax ilishuka kwa wastani wa daiopta 1.03, yasiyotibiwa ilipanda daiopta 1.75. Namba ya pili ndiyo ya kumwonyesha anayesema bora asubiri. Wagonjwa wa Dresden wamefuatiliwa hadi miaka 10 na wengi wao konea zimebaki imara.

Na hatari zake je?

Utafiti wa Zurich wa 2009 ulionyesha mwaka mmoja baadaye asilimia 7.6 ugonjwa uliendelea, na asilimia 2.9 walipoteza mistari 2 au zaidi ya uoni. Walioshindwa zaidi walikuwa wenye Kmax ya zaidi ya daiopta 58 kabla ya tiba. Waliopoteza uoni zaidi walikuwa wenye zaidi ya miaka 35 ambao kwa miwani walikuwa bado wanaona vizuri sana. Kwa hiyo mtu wa miaka 38 mwenye 6/6 ambaye namba zake hazijasogea ana haki ya kuuliza kwa nini afanyiwe sasa.

Visababishi vingine vya uoni kushuka ni kovu, kidonda kinachochelewa kufunga, na madoa ya uvimbe yasiyo na vijidudu ambayo hutibiwa kwa steroidi.

Nitavaa miwani au lenzi bado?

Wengi, ndiyo. Umbo lililokwisha kupotoka halinyooki kabisa. Miwani ikishindwa, lenzi ngumu au lenzi kubwa ya sklera inayokaa juu ya weupe wa jicho hutoa uoni mkali zaidi. Lenzi huanza tena baada ya mwezi 1 hadi 3, daktari akikubali. Zisioshwe kwa maji ya bomba, ya kisima wala ya ziwa.

Jicho la pili lifanyiwe lini?

Nalo likionyesha kuendelea, kwa kawaida baada ya la kwanza kupona na kuona vya kutosha kukuongoza. Likiwa bado limetulia, linapimwa kila miezi 6, na kwa kijana kila miezi 3 hadi 4.

Inaweza kurudiwa?

Inaweza, iwapo unene unatosha. Kabla ya hapo tafuta sababu ya kushindwa. Mara nyingi ni vidole vilivyoendelea kufikicha (tazama swali la kufikicha macho).

## Kupata huduma ukiwa Kanda ya Ziwa

Nianzie wapi Mwanza?

Anzia kliniki ya macho ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, kisha rufaa ya Bugando, ambayo ni hospitali ya kanda. Rufaa za nje ya kanda huelekea zaidi KCMC Moshi, au Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Usipande basi Nyegezi kwa maneno ya mtaani. Piga simu kwanza na uulize: topografia inafanya kazi wiki hii? Taa ya UV-A ipo? Riboflavini ipo na haijapita muda? Daktari wa konea yupo siku gani? Je, jicho langu lenye unene huu, utaje, linakubalika? Mashine huharibika na dawa huisha, na safari ya Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa njia moja.

Nibaki mjini muda gani, na bima je?

Panga siku 7 hadi 8, hadi lenzi ya kidonda itolewe na ngozi ithibitishwe imefunga. Anayetoka visiwani afikie kwa ndugu mjini badala ya kuvuka ziwa na upepo siku ya pili. Kisha omba barua ya muhtasari yenye aina ya mpango uliotumika, nguvu na dakika za mionzi, na Kmax ya kabla, ili mahudhurio ya mwezi wa 1, 3, 6 na 12 yafanyike karibu na nyumbani. Mwenye bima aombe kibali cha maandishi kinachotaja utaratibu huu kwa jina, na aulize kando kama lenzi ya kidonda, riboflavini na topografia vimo.

## Hali zisizo za kawaida

Nifanye leza ya kuondoa miwani badala yake?

Hapana. Leza hiyo hupunguza unene wa konea ambayo tayari imekonda, na huweza kuharakisha ugonjwa.

Jicho limejaa ukungu mweupe ghafla na linauma. Nifanyiwe kroslinkingi haraka?

Huenda tabaka la ndani limepasuka na maji yameingia ndani ya konea. Kroslinkingi si tiba ya hapo. Onwa na daktari siku hiyohiyo. Hutulia kwa wiki au miezi kwa matone, mara nyingi ikiacha kovu.

Nilikuwa nimetulia, nimepata mimba na uoni unabadilika.

Homoni za ujauzito zinaweza kulegeza konea. Pima, andika namba, rekebisha miwani, na uwe na miadi ya topografia baada ya kujifungua. Tiba hupangwa ukimaliza kunyonyesha.

Mtoto wangu ana sindromu ya Down na anafikicha macho sana.

Watoto hawa hupata keratokonasi zaidi ya wengine na hawalalamiki, kwa hiyo hugundulika wakati wamechelewa. Apimwe konea hata kama hakuna malalamiko. Tiba itahitaji dawa ya usingizi, na siku za mwanzo kinga ngumu ya jicho wakati wa kulala, pamoja na mtu wa kukaa naye muda wote.

Bibi anashauri maziwa ya mama au maji ya majani jichoni.

Mweleze bibi kwa heshima kwamba jicho hili halina uchafu wa kusafishwa, limelegea nyuzi, na hakuna tone la majani linalofunga nyuzi hizo. Baada ya tiba ndiyo hatari zaidi: chochote kisicho safi kikidondokea konea isiyo na ngozi huleta kidonda kinachoweza kuishia kovu jeupe. Ikiwa kimeshatiwa, usione haya kumwambia daktari ni nini na lini, kwa sababu ndivyo atakavyochagua dawa sahihi.

Ikishindikana yote, kinabaki nini?

Kupandikizwa konea kutoka kwa mtu aliyefariki, nzima au tabaka za mbele tu. Huhitaji konea ya msaada, mishono inayokaa mwaka au zaidi, na matone ya kuzuia mwili kuikataa. Anayepandikizwa huendelea kupimwa maisha yote, na jicho lililopandikizwa likiwa jekundu au zito kuona, aonwe na daktari ndani ya siku moja.